Kwa Nini Ngumi na Chovai Ziko Eneo la Kismayo

Wanangu, juzi mlipoizunguka ile ramani kubwa ukutani pale ofisini, mmoja wenu alicheka akasema eneo la Kismayo lazima lilichorwa na mtu mwenye usingizi. Mji uko juu, halafu mstari unateremka baharini kama mkia wa samaki taa, unazizoa Chovai na Ngumi, kisha unakatika ghafla kabla ya kufika Burgao. Mkaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye mzee niliyekaa karibu, nani aliyechora hivyo na kwa nini. Nikawaambia nitawaeleza siku nyingine, nikainuka nikaenda zangu. Haikuwa dharau. Habari yenyewe haisemwi mlango ukiwa wazi.

Leo niko nyumbani, kahawa yangu nimeinywa, mlango nimeufunga. Naweza kusema.

Jina langu mnalijua, Mwanatumu, mzaliwa wa Chovai. Vita vilipoingia nilikuwa na mume na mtoto mgongoni. Tukakimbia kwa mashua kama wengine, tukakaa kambini, tukakaa Mombasa, na niliporudi Kismayo nilikuwa mjane mwenye ndimi tatu na hofu ya kila mtu anayebisha hodi kwa nguvu. Hofu hiyo haikunizuia kupata kazi ya kubisha milango ya watu na kuwahesabu. Nimeifanya mpaka magoti yakakataa ngazi za mashua.

Aliyenifundisha ni Maalim Shee. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya vita, mtu mnene, msafi, mwenye maneno mengi, na Mbajuni pekee niliyewahi kumjua anayeogopa bahari. Kila safari alibeba malimau mfukoni. Mashua ikianza tu kuyumba, anaanza kunyonya limau na kuomba dua, na nahodha wetu Lali, kijana wa Ngumi asiyecheka ovyo, humuuliza, "Maalim, nikurudishe?" Naye hujibu, "Endelea, nimeshakufa."

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilihesabu mapaa. Nilizunguka Chovai nzima nikijiona hodari, nikarudi na jibu langu. Maalim akaniuliza, "Katika nyumba hizi, ngapi umeona moshi?" Sikuwa nimetazama. Nyumba nyingi za mawe pale ni magofu, wenyewe wako Mombasa au Ulaya, na popo ndio wenye nyumba. Kwingine paa ni moja na chini yake kuna mama na wake wa wanawe wawili, kila mmoja na chungu chake. Akanirudisha nikaanze upya. "Hesabu majiko," aliniambia. "Waliokula chungu kimoja jana ndio kaya moja." Mpaka leo sijaona kanuni iliyo bora.

Alinifundisha pia nisinyooshe kidole. Unapowanyooshea watoto kidole ukisema mmoja, wawili, mama yao anaona unawaitia jicho la husuda. "Mchu hahesabiwi kama mbuzi," waliniambia wanawake wa pale kwa Kibajuni chetu, na walikuwa na haki. Uliza majina. Uliza nani alikula, nani amekwenda baharini, nani amelala ndani anaumwa. Kila jina sema mashaallah. Mwisho wa mazungumzo utakuwa umepata idadi, na hakuna aliyehesabiwa.

Sasa niwaeleze habari ya maeneo, maana baadhi yenu mnaingiza tu data kwenye simu hamjui inakwenda wapi.

Unaanza na mji wenye watu wa kutosha, unauweka katikati. Kisha unatazama vijiji na visiwa vinavyouzunguka, unauliza: hawa wanauza wapi samaki wao? Wanazalia wapi? Mtu akivunjika mguu anapelekwa wapi? Wakisema ni mji ule, unawafunga pamoja nao. Hilo ndilo eneo la mji. Palipo na mji mdogo panakuwa eneo dogo, kwa sharti kwamba ukijumlisha watu wake wote na wa majirani wanaoutegemea, wasipungue kiwango kilichowekwa. Pasipofika kiwango panabaki nje na kupakwa kijivu. Mkiona kijivu kwenye ramani msidhani hakuna watu. Watu wapo. Ila dawa, mwalimu na kisima huenda kwanza palipo na rangi.

Burgao peke yake haikufika kiwango. Upungufu wenyewe haukuwa mkubwa. Mkuu wetu wa ofisi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitazama ramani akaona visiwa vyetu viko pale katikati, Kismayo ina watu tele haiwahitaji, na Burgao inawahitaji. Akachora duara: Chovai, Ngumi na Burgao, eneo moja dogo, kituo chake Burgao. Kiwango kikatimia. "Nikiwaacha Burgao peke yao watabaki kijivu," alituambia. "Na wao wana watoto." Alisema kweli. Kule nako tuna ndugu.

Lakini mimi na Maalim tuliangaliana. Wakati ule pwani ya upande wa Burgao ilikuwa mikononi mwa watu wa msituni, wenye bunduki. Nanyi mnawajua, sina haja ya kuwataja. Eneo likishapitishwa, zahanati ingewekwa Burgao, chanjo ingetolewa Burgao, mgao wa chakula ungeshushiwa Burgao. Kila mama wa Chovai angelazimika kuteremka pale na wanawe, na wavulana waliokuwa wakiteremka pale siku zile, baadhi yao hawakupanda mashua tena.

Maalim akamwambia mkuu, "Kabla ya kufunga watu na mahali, tuwaulize wanakwenda wapi." Mkuu akakubali. Tukatumwa tupite visiwani, tumalizie Burgao kwenyewe, ambako wazee walituma ruhusa kwamba tuje, hakuna shida.

Chovai ndiko nilikofungiwa mlango usoni. Alikuwa Bi Mwanamkuu, fundi wa kusuka mikeka, mtu aliyenijua tangu nikiwa na meno ya utoto. Alipoona nina beji shingoni alirudi nyuma, akaufunga mlango na kuuegemea kwa ndani. Nilisikia mbao zikilia. Nikamwita. Akanijibu kupitia upenyo.

"Mwanatumu, umekuya kutuhesabu?"

"Nimekuja kuamkia, Bi Mwanamkuu. Na kuuliza mawili matatu."

"Walikuya wachu wakati wa vita wakauliza hivyo hivyo. Wako wanaume wangapi nyumba hii. Kwa adabu, na salamu juu. Baba akawajibu, akawapa na maji. Wakarudi wakijua wa kuwatafuta." Kisha akasema, polepole, kana kwamba ananionea huruma, "Wachu wa kuhesabu huya mbele. Wa kuua huya nyuma yao. Nenda kwenu, mwanangu."

Nilikwenda. Maalim aliponiuliza kaya ile ikoje, nilimwambia aiache tupu, kwa sababu nami nilikuwa nayakumbuka maswali yale. Yaliulizwa nyumbani kwetu pia.

Tulifika Burgao asubuhi, bahari shwari, Maalim hakunyonya hata limau moja. Wazee waliotuma ruhusa hawakuwapo ufukweni. Hilo peke yake lilitosha kutufanya tugeuze mashua, na nawaambia ninyi, mkifika mahali na mwenyeji wenu hayupo, msishuke. Sisi tulishuka. Lali alibaki majini na mota haijazimwa, na huo ndio wasiwasi uliotuokoa wawili kati ya watatu.

Walitokea nyuma ya majahazi yaliyopinduliwa mchangani, hawakukimbia wala hawakupiga kelele. Vijana watatu na mtu mzima mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina, bunduki ameielekeza chini. Alitusalimu kwa Kisomali, salamu kamili, tukaitikia. Akaomba kuona tulichobeba. Maalim akampa mkoba.

Ndani mlikuwa na ile picha ya Burgao iliyopigwa kutoka juu, na kila nyumba tulikuwa tumeiwekea nukta nyekundu, na kulizunguka lile kundi la nukta tulikuwa tumechora mstari. Ninyi mnaijua kazi hiyo. Mmeifanya hata wiki hii. Mtu yule aliitandaza mchangani, akachuchumaa, akaitazama kwa muda mrefu mno.

"Nyumba ya nani hii?" akauliza, kidole juu ya nukta.

"Sijui, ndugu yangu," Maalim akasema. "Tunajua ni nyumba tu."

"Mimi najua. Ni yangu." Akasogeza kidole. "Na hii ya mama yangu. Mmeiwekea nukta nyekundu nyumba ya mama yangu. Ndege zikija, zinatafuta nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliiona picha ile kwa macho yake. Nukta zetu, mstari wetu, kazi yetu ya miezi, kwake ilikuwa orodha ya mahali pa kudondosha mabomu.

Maalim Shee aliogopa bahari, lakini pale hakutetemeka. Sauti tu ilipanda juu kidogo, kama ya mwalimu aliye mbele ya mkaguzi. Akaeleza. Kwamba vijiji vidogo hufungwa pamoja na kimoja ili vifike kiwango. Kwamba wakifika kiwango wataletewa zahanati. Kwamba mstari ni wa kuonyesha nani yuko pamoja na nani. Yule mtu alisikiliza bila kumkata. Kisha akakunja picha vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akaitia kifuani.

"Wewe utabaki," akamwambia Maalim. Kisha akanigeukia mimi bila kunitazama usoni. "Wewe mama, rudi. Waambie wakubwa wako huku hakuna hesabu. Burgao, visiwani, popote. Tukisikia mtu ameulizwa wako wangapi nyumbani, tutajua mmetudharau, na mzee huyu ndiye tutakayemuuliza."

Maalim aliniambia kwa Kibajuni, haraka, "Panda." Nikasita. Akasema tena, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, "Mwanatumu! Panda mashua!"

Nilipanda. Lali aliondoka bila kungoja nikae. Malimau ya Maalim, aliyoyaacha kwenye mashua, yakawa yanabingirika sakafuni toka ubavu huu hadi ule, na hakuna aliyethubutu kuyaokota. Niligeuka mara moja tu. Walikuwa wameshampeleka nyuma ya majahazi, ufuko mtupu.

Mkuu wetu alipopata habari alikaa chini, akaweka viganja kwenye meza kama anayeizuia isiondoke. Wazee wa koo walianza kutumiana wajumbe siku ile ile ili Maalim aachiwe, maana huko mambo huenda kwa midomo ya wazee, na huenda polepole. Lakini ofisi ya juu haikungoja. Ikasema Burgao haifikiki, hivyo eneo zima, pamoja na visiwa vilivyofungwa nayo, liwekwe kijivu. Ndivyo tulivyokuwa tumechorwa, na tungeanguka na aliyefungwa nasi. Ingewezekana kuvihamishia visiwa Kismayo, kwa sharti moja: ushahidi kwamba watu wake wanaitegemea Kismayo. Yaani tukaulize. Yaani tukafanye jambo lile lile tulilokatazwa, Maalim akiwa mikononi mwao.

Nilikwenda kwa mkewe, Bi Zuhura. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, muuza vitumbua. Siku zote niliona katika ndoa yao maneno yote kachukua mume. Nilimweleza yote, sikumficha hata tishio. Nilidhani ni haki yake kuamua.

Alinisikiliza huku akikoroga unga. Kisha akauliza, "Kwa hiyo umekuja kuniomba mume wangu?"

"Sijaomba, dada. Nimekuja kukuuliza."

"Basi jibu ni hapana." Akaendelea kukoroga. "Visiwa vitakuwa kijivu, viwe kijivu. Vimekuwa hivyo maisha yangu yote. Shee ni mmoja."

Niliondoka nikamshukuru, na moyoni nilishukuru kweli, kwa sababu nami niliogopa, na yeye alinipa ruhusa ya kukaa nyumbani. Nikamwambia mkuu haiwezekani. Alinijibu tu, "Naelewa," na nadhani naye alishukuru.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa ushujaa wa mtu. Bi Mwanamkuu alikuja mjini na mikeka yake, kama alivyokuja kila mara, na mkaza mwanawe, msichana mja mzito aliyevimba miguu hadi ngozi inang'aa. Walikuwa wamesafiri kwa mashua siku mbaya ili akazalie Kismayo. Hakufika hospitali. Alizalia pale pale dikoni, mahali mashua zinaposhushia samaki, juu ya mkeka ulioletwa kuuzwa, wanawake wakimzungushia khanga. Bi Zuhura alikuwapo na beseni lake la vitumbua. Alimshika msichana kichwa. Mtoto alilia, alikuwa mzima. Mama yake alitokwa na damu ambayo hakuna aliyeweza kuizuia, akafa adhuhuri ikiadhiniwa, kichwa kwenye mapaja ya Zuhura.

Zuhura alikuja kwangu na nguo zile zile, hajabadili. Hakukaa.

"Chovai hawana mkunga aliyesoma," akasema.

"Hawana."

"Wakiwekwa kijivu watapata?"

"Hapana."

"Wakiwekwa na Kismayo?"

"Wanaweza kupata. Sikuahidi."

Alitazama damu iliyokauka kwenye nguo yake. "Usiende visiwani," akasema. "Visiwa vyenyewe vinakuja hapa. Dikoni pale, kila siku. Utakaa nami, nikiwa nauza. Hatutaandika kitu mbele ya watu. Na neno 'wangapi' tusilitamke."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, wanangu. Nami nikatambua kwamba ushahidi wenyewe ndio ule, umejileta kwa miguu yake. Nani asiyeitegemea Kismayo angetoka Ngumi na papa wake mkavu kuja kumuuza pale? Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta, Zuhura na vitumbua, mimi nikijifanya msaidizi wake. Wanawake wakishuka tuliwapa kitumbua na kuwauliza habari. Nani umemwacha nyumbani akupikie? Mzee bado ana kifua? Mtoto wa fulani alizaliwa wapi? Bi Mwanamkuu ndiye aliyekaa nasi wa kwanza, na mjukuu wake mchanga amefungwa kifuani, ananyonyeshwa na jirani. Mlango alionifungia mimi Chovai aliufungua pale pale, jina baada ya jina, wanaume na wavulana wote, kwa sauti ya chini na macho kwenye mchanga. Alipomaliza alisema, "Sasa umetubeba. Ukitudondosha, Mungu anakuona."

Sijawahi kuogopa katika maisha yangu kama siku zile, na nimekimbia vita. Vita unavisikia vinapokuja. Hapa kila mpita njia aliweza kuwa sikio la mtu. Watu wa msituni wana macho mjini, kila mtu anajua, hakuna anayejua ni nani. Mchukuzi akisimama kukaza mzigo wake, tulinyamaza. Mvuvi akituangalia mara mbili, Zuhura alianza kusifia vitumbua kwa sauti kubwa, yeye ambaye hakuwahi kupiga kelele. Jioni tulitengana bila kuagana. Nikifika nyumbani nilipeleka majibu ofisini kwa simu, nikafuta, kisha nikatazama ile simu kana kwamba itasema.

Siku moja mtu alisimama mbele yetu, kijana safi, shati limepigwa pasi. Sikumjua. Yeye alinijua.

"Mama Mwanatumu," akasema kwa Kisomali, kwa upole. "Umeacha ile kazi yako?"

Nilimwona Maalim nyuma ya majahazi. Niliona kila kitu.

"Kaachishwa," Zuhura akasema, hajainua macho kutoka kwenye beseni. "Mume wangu kachukuliwa kwa ajili ya kazi ile, nayo ofisi haikuja hata kunipa pole. Huyu namlisha mimi. Unataka vya nazi au vya iliki?"

Kijana alimtazama. Akachukua kitumbua kimoja, akala palepale, taratibu, huku anatazama mashua zikishusha. Wanawake wa Ngumi walikuwa wamekaa duara, macho kwenye vitumbua vyao. Akajifuta vidole, akasema, "Mungu amrudishe mumeo salama," akaenda.

Mpaka leo sijui alikuwa nani. Pengine alikuwa kijana tu anayempa mama pole. Zuhura aliziba beseni kwa kitambaa na ndipo nilipoona mikono yake. Ilikuwa inagonga bati kwa mtetemo, tang'ang'a, tang'ang'a, mpaka ikabidi niishike.

Tulimaliza. Ofisi ya juu ikapokea, ikakubali kwamba watu wa Chovai na Ngumi wanauza, wanazalia na kutibiwa Kismayo, mkia ule ukachorwa. Burgao ilibaki kijivu, na bado ni kijivu, nanyi msidhani napita kwenye ramani ile bila kuiona. Mkuu wetu aliwataka waitangaze ramani baada ya Maalim kuachiwa. Walikubali kungoja. Kwa hilo namwombea dua.

Mkunga aliletwa Chovai. Hakuja upesi, na wa kwanza alikimbia, lakini wa pili yupo.

Maalim Shee aliachiwa wazee walipokwisha kupeana maneno yao. Lali ndiye aliyemrudisha. Yule mtu mnene alishuka kwenye mashua shati linamning'inia kama limeanikwa, na bahari iliyochafuka nyuma yake hakuiangalia hata mara moja. Nilikwenda kumwona baada ya siku chache. Tulikaa mkekani, yeye, mimi na Zuhura, chai katikati. Alizungumza kidogo kidogo. Hawakumpiga sana, alisema. Walimweka chumba kisicho na dirisha, na kila asubuhi kijana mmoja mwenye bunduki alifungua mlango na kumwambia maneno yale yale: "Watu wako wametulia. Basi nawe utaiona siku ya leo."

"Nami nilikuwa nasema alhamdulillahi," Maalim akasema. "Najiambia, Mwanatumu mwoga, Mungu amzidishie woga. Zuhura hatamruhusu mtu."

Nilitazama chai yangu. Nilitaka ardhi inimeze. Nilidhani Zuhura atanyamaza. Ningekuwa mimi ningenyamaza mpaka kaburini.

"Hatukutulia, Shee," Zuhura akasema. "Tulikuwa tunawauliza watu dikoni. Kila siku. Mimi ndiye niliyemwambia Mwanatumu tufanye."

Niliona asubuhi zile zote zikirudi usoni mwa Maalim moja moja, mlango ukifunguliwa, kijana akisema neno lake, na sisi wakati huohuo tumekaa chini ya ukuta na vitumbua. Akaweka kikombe chini. Kikaanguka, chai ikamwagika mkekani, hakuna aliyeifuta.

"Ulijua walichosema?" akamuuliza mkewe.

"Nilijua."

"Na kama kijana yule angekuja siku moja na neno jingine?"

Zuhura hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ningekuwa mjane, na ningejua ni kwa mkono wangu. Kila asubuhi niliamka nikajiambia hivyo, kisha nikakoroga unga."

Maalim alitazama mlango, alitazama dari, alinitazama mimi na sikuweza kuyakabili macho yake. Kisha, mbele yangu, jambo ambalo watu wa umri wake hawalifanyi mbele ya mgeni, alinyoosha mkono, akamshika Zuhura kidole kimoja, kama mtu anayepima chuma kama kimepoa. Hakukiachia.

Mimi niliinuka taratibu, nikavaa viatu vyangu nje, nikaenda.